Sifa za Burhani ya Vidato

Mkwezi hapandi mnazi kwa kuruka. Hukata kwanza kidato kimoja karibu na shina, mahali ambapo mguu uliosimama ardhini waweza kufika, kisha hukata cha pili mahali ambapo mguu uliokwisha kutulia juu ya cha kwanza waweza kukifikia, na cha tatu kwa kadiri hiyo hiyo, hata anapofika penye makuti na madafu; na kwa kuwa nafasi iliyo baina ya kidato na kidato haibadiliki, mtu awezaye kukanyaga cha kwanza, na awezaye kutoka katika kimoja chochote kwenda katika kile kinachokifuatia, hana haja ya kuulizwa tena kama atafika juu. Neno hilo la kidato tumelitoa minazini tukalipeleka shuleni, tukawapa watoto wetu kidato cha kwanza, cha pili, cha tatu na cha nne, wala sidhani kama wengi wao hukumbuka kwamba jina la darasa lao lilichongwa kwa panga. Mimi leo napenda kuliazima neno hilo kwa safari nyingine, nisifu kwalo ufundi mmoja wa hisabati ambao umenipa furaha kwa muda mrefu kuliko starehe nyingi nilizozijua.

Ufundi wenyewe ni huu: kuonyesha kwa yakini ya kuwa ibara fulani ya hesabu, iliyobeba herufi n mahali pa namba yoyote ile, hugawanyika kwa namba fulani bila kuacha baki, na kwamba hufanya hivyo si kwa namba kumi za mwanzo, wala kwa elfu, bali kwa namba zote, ambazo hazina mwisho, na ambazo hapana mwanadamu wala ukoo wa wanadamu utakaoishi umri wa kuzijaribu moja moja. Watu wa Ulaya huiita njia hii induksheni ya hisabati. Waarabu huiita istiqraa. Mimi nitaiita burhani ya vidato, kwani naona mkwezi ameieleza vizuri zaidi kwa miguu yake kuliko majina hayo mawili, ambayo yote yalizaliwa katika kazi nyingine kabisa ya akili, yaani ile ya kukusanya mifano mingi na kukisia kanuni kutokana nayo. Burhani ya vidato haikisii kitu.

Kugawanya bila baki ni furaha ya kale. Wanazuoni waliosomesha ilmu ya faraidhi katika pwani yetu walizihifadhi moyoni namba saba ambazo juu yake hujengwa migawo ya mirathi, nazo ni 2, 3, 4, 6, 8, 12 na 24. Na namba hizo hazikuokotwa kwa bahati, bali zilithibiti kwa kuwa nusu, robo, thumni, theluthi mbili, theluthi na sudusi, zikikutana jinsi sheria inavyozikutanisha, hupata katika mojawapo ya hizo mahali pa kukaa pasipo kuvunjika. Akifa mtu akaacha mke, baba, mama na mwana wa kiume mmoja, mali hufanywa mafungu 24: mke hupata thumni, yaani mafungu 3, baba sudusi, yaani 4, mama naye 4, na 13 yaliyosalia huwa ya mwana. Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, aliyeandika Baghdad katika karne ya 9 kitabu ambacho jina la aljebra limetoka kwacho, alitoa sehemu kubwa ya kitabu hicho kwa masuala ya wasia na urithi, na kwa hiyo si ajabu kwamba hata leo tunazigawa namba kuwa shufwa na witiri, kwa maneno ambayo mtu wa msikitini aliyeyasikia katika sala hana haja ya kufasiriwa. Lakini kadhi hugawa urithi wa maiti mmoja. Akimaliza huo hungoja mwingine. Ibara yenye herufi n hutaka maiti wote wa ulimwengu, waliokufa na watakaokufa, wagawiwe kwa mara moja na kwa kauli moja.

Nilipokuwa mwanafunzi nilipewa swali la kuthibitisha kwamba 4ⁿ – 1 hugawanyika kwa 3. Nikaandika kwamba 4 kutoa 1 ni 3. 16 kutoa 1 ni 15. 64 kutoa 1 ni 63. 256 kutoa 1 ni 255. 1,024 kutoa 1 ni 1,023. Nikaendelea hata nikajaza ukurasa, kila mstari ukiitii 3 kama ulivyotakiwa, na chini yake nikaandika kwa wino mzito ya kuwa jambo limethibitika. Mwalimu alinirudishia daftari na maneno mawili pembezoni: "Umeona tu." Niliudhika sana, maana nilidhani nimefanya kazi kubwa, na kwa kweli kazi ilikuwa kubwa; iliyokosekana ni burhani. Ilinichukua siku nyingi kufahamu ya kuwa ukurasa wangu, hata kama ungalikuwa mrefu kama barabara ya kwenda bara, usingalikuwa zaidi ya orodha ya mambo niliyoyaona, na kwamba kati ya kuona mara nyingi na kujua pana mto ambao hauvukwi kwa kuongeza mifano.

Nimejifariji kwa kuwa mtu mkubwa kuliko mimi alipita njia hiyo hiyo. Mwaka 1640 Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse huko Ufaransa, aliyekuwa akifanya hisabati kwa mapenzi tu, aliipandisha 2 kwenye vipeo vya 1, 2, 4, 8 na 16, akaongeza 1 kila mara, akapata 3, 5, 17, 257 na 65,537, ambazo zote ni namba tasa, yaani hazigawanyiki ila kwa nafsi zao na kwa 1. Akaamini, akawaandikia rafiki zake, ya kwamba mfululizo huo hautazaa kamwe isipokuwa namba tasa. Baada ya miaka 92 Leonhard Euler aliishika namba iliyofuata, ambayo ni 4,294,967,297, akaonyesha ya kuwa hugawanyika kwa 641, na mgawo wake ni 6,700,417. Mifano mitano ilikuwa imesema kweli, na wa sita ukakanusha.

Lakini mwaka ule ule wa 1640, katika barua aliyoiandika tarehe 18 Oktoba kwa Frénicle de Bessy, Fermat alitaja neno la pili, nalo pia hakulifuatisha na burhani, akisema angaliipeleka lau si kuogopa urefu wake: ya kwamba namba yoyote ikipandishwa kwenye kipeo ambacho ni namba tasa, kisha ikatolewa yenyewe, kinachobaki hugawanyika kwa namba tasa ile. Madai mawili yametoka katika kalamu moja ndani ya mwaka mmoja, yote mawili ya kugawanyika na kutogawanyika, na sura zao zikifanana kwa mtu anayeziangalia kwa nje. La kwanza lilianguka. La pili limesimama mpaka leo, na lililolisimamisha ni vidato. Nitalirudia, ila kwanza ni sharti nionyeshe jinsi kidato kinavyokatwa.

Tuichukue tena 4ⁿ – 1 iliyoniaibisha. Kidato cha kwanza ni chepesi: n ikiwa 1, ibara ni 3, na 3 hugawanyika kwa 3. Kidato cha pili hakisemi habari za namba fulani, bali husema habari za kuvuka. Tukijaalia kwamba tumekwisha kusimama mahali fulani ambapo 4ⁿ – 1 hugawanyika kwa 3, tutazame mahali panapofuata, ambapo ibara ni 4ⁿ⁺¹ – 1. Hiyo 4ⁿ⁺¹ si kitu ila 4 mara 4ⁿ. Laiti ingalikuwa tumetoa 4 badala ya 1, tungaliona mbele yetu mara nne kamili ya ile ibara ya zamani. Basi na tuitoe hiyo 4, na kwa kuwa tulistahili kutoa 1 tu, tuirudishe 3 tuliyoizidisha. Kwa hiyo ibara mpya ni 4(4ⁿ – 1) + 3: fungu la kwanza hugawanyika kwa 3 kwa sababu ya pale tuliposimama, na fungu la pili ni 3 yenyewe. Tumekopa na tumelipa, na deni tulilolilipa limetokea kuwa ndiyo namba tuliyokuwa tukiitafuta.

Wako watu, na baadhi yao ni wenye akili nzuri, ambao hukwama papa hapa, wakasema: "Unalichukua lile unalotaka kulithibitisha, unalifanya kweli, kisha unalithibitisha kwa nafsi yake." Shaka hiyo ina heshima yake, nami sipendi mwalimu anayeipita haraka. Jawabu ni kwamba mkwezi akisema, "Nikiwa katika kidato cha kumi nitafika cha kumi na moja," hakudai kwamba yuko katika cha kumi. Ametaja sharti, na juu ya sharti ametaja tokeo, na maneno yake ni kweli hata akiwa bado amekaa chini ya mti anafunga shuka yake kiunoni. Kidato cha pili hakikuambii ya kuwa ibara hugawanyika. Hukuambia ya kuwa wema wa namba moja hurithiwa na jirani yake. Ni kidato cha kwanza kinachotia mali katika urithi huo.

Na akitokea mbishi ambaye bado hajaridhika, akadai kwamba huko mbali sana, ng'ambo ya namba zote tulizopata kuzitaja, iko moja ambayo ibara yetu inakataa kugawanyika, tumwombe atupe si yoyote katika namba hizo mbaya, bali iliyo ndogo kuliko mbaya zote. Haiwezi kuwa 1, kwa kuwa 1 tumeikagua kwa macho. Basi iko namba inayoitangulia, na hiyo inayoitangulia ni njema, kwani kama ingalikuwa mbaya ingalikuwa ndiyo ndogo zaidi. Lakini tumekwisha kuonyesha kwamba baada ya njema huja njema. Namba ya mbishi imekosa mahali pa kukaa. Fermat aliipenda sana ngazi hii akiishuka badala ya kuipanda, akimsukuma mpinzani wake kutoka namba ndogo hadi ndogo zaidi, mpaka mpinzani akakuta ardhi imekwisha.

Mtu asidhani kwa mfano mmoja huu kwamba kazi ni ya mashine. Kidato cha kwanza hutaka uaminifu tu. Cha pili hutaka mkono. Naitoa ibara 3²ⁿ⁺¹ + 2ⁿ⁺², ambayo nimeipenda tangu siku nilipoijua, kwa kuwa sura yake haikuahidi lolote. Weka 0 mahali pa n, upate 3 na 4, jumla 7. Weka 1, upate 27 na 8, jumla 35. Weka 2, upate 243 na 16, jumla 259, ambayo ni mara 37 ya 7. Weka 3, upate 2,187 na 32, jumla 2,219, ambayo ni mara 317 ya 7. Saba imetoka wapi? Haimo katika ibara, wala 3 na 2 hazina udugu nayo unaoonekana. Ajabu ya namna hii ndiyo inayomfanya mwanafunzi aweke kalamu chini na kuangalia dirishani, na heri aangalie kidogo, kwa maana anayemaliza kushangaa upesi mno hamalizi vizuri.

Sasa tuvuke. Kila n inapopanda kwa 1, fungu la kwanza huzidishwa kwa 9 na fungu la pili kwa 2. Ni wasafiri wawili wenye mwendo mbalimbali waliofungwa kwa kamba moja. Ibara mpya, kwa hiyo, ni 9 mara 3²ⁿ⁺¹, pamoja na 2 mara 2ⁿ⁺². Lau msafiri wa pili angalikwenda kwa mwendo wa mwenzake, jumla mpya ingalikuwa mara 9 ya jumla ya zamani, na jumla ya zamani, kwa sharti letu, hugawanyika kwa 7. Tumkopeshe basi mwendo huo, tuandike mara 9 ya jumla ya zamani, kisha tuondoe ile ziada tuliyompa asiyoistahili. Ziada ni kiasi gani? Alistahili 2 tukampa 9. Ziada ni 7 mara 2ⁿ⁺². Na hapo 7 imejitokeza yenyewe katika karatasi, wala hapana aliyeiita. Fundi mwingine angalianza upande wa pili, akamzuia msafiri wa kwanza aende kwa mwendo wa 2, kisha akaongeza 7 mara 3²ⁿ⁺¹, naye angalifika salama vile vile.

Kwa mfano huu mmoja naweza kusema kinachonifanya niuite ufundi wala si hila. Mwanafunzi aliuliza 7 imetoka wapi, na burhani haikumwambia tu, "Naam, ipo kila mahali". Ilimwonyesha nyumba yake. Saba ni umbali ulio baina ya 9 na 2. Mtu aliyekwisha kuliona hilo hawezi tena kuitazama ibara ile kama alivyoitazama mwanzo, na zaidi ya hayo anaweza kujitungia nyingine kadiri apendavyo, kwa kutafuta wasafiri wawili na kupima tofauti ya mwendo wao. Nimesikia burhani za vidato zikisemwa vibaya kwamba huthibitisha bila kueleza. Zipo za namna hiyo, sikatai, hasa zile ambazo mwandishi amezidisha mabano hata njia ikafunikwa. Lakini katika mlango huu wa kugawanyika, burhani iliyochongwa vizuri hueleza na kuthibitisha kwa pumzi moja, na ikiwa haikueleza, aghalabu kosa ni la mchongaji.

Kidato cha kwanza hudharauliwa. Wanafunzi hukiandika kwa haraka, kama watu wanaosalimia mlinzi wa mlango huku macho yao yamo ndani ya nyumba, na wengine hukiacha kabisa. Basi na waitazame ibara 4ⁿ + 1, na waulize kama hugawanyika kwa 3. Kidato cha pili ni kizima hakina ufa: 4ⁿ⁺¹ + 1 ni 4(4ⁿ + 1) kutoa 3, na kwa hiyo, kama mahali fulani ibara hii ingaligawanyika kwa 3, ingaligawanyika na mahali panapofuata, na panapofuata, hata milele. Lakini hesabu zenyewe ni 5, 17, 65, 257, na kila moja, ikigawanywa kwa 3, huacha baki ya 2. Urithi umepangwa kwa uadilifu mkubwa, kila jirani yuko tayari kumpokeza jirani yake, na mali hapana. Ngazi imetundikwa hewani, nzuri, iliyonyooka, na mguu wa mtu haufiki kwenye kipandio chake cha chini.

Nirudi sasa kwa Fermat. Tuichukue namba tasa 5, na tuulize kama n⁵ – n hugawanyika kwa 5. Kwa 1 jawabu ni 0, nayo hugawanyika. Kuvuka kwenda n + 1 kunatutaka tuifungue (n + 1) kwenye kipeo cha 5, na ikifunguliwa hutoa mafungu sita yenye vizidishi 1, 5, 10, 10, 5 na 1. Vizidishi hivi hutoka katika jedwali la pembetatu ambalo kila namba yake ni jumla ya mbili zilizo juu yake, jedwali alilolijua al-Karaji aliyefanya kazi Baghdad mwanzoni mwa karne ya 11, na ambalo limetufikia kwa mkono wa al-Samaw'al, mzaliwa wa mji huo huo, aliyelinukuu katika kitabu chake al-Bahir katika karne ya 12. Toa n + 1 katika mafungu hayo sita: la kwanza na la mwisho hujipatanisha na ibara ya zamani, n⁵ – n, na katikati husalia 5, 10, 10 na 5, ambazo zote ni za tano. Kuvuka kumekwisha. Kwa 7 vizidishi vya katikati ni 7, 21, 35, 35, 21 na 7, na mambo ni yale yale.

Mtu mwenye haraka, baada ya kuona 3, 5 na 7 zikitii, angalisema kwamba namba zote za witiri hutii, na angaliendelea kwenda 9 akiimba. Na aende, lakini aende na jedwali mkononi. Vizidishi vya katikati vya kipeo cha 9 ni 9, 36, 84, 126, kisha tena 126, 84, 36 na 9. Tisa na 36 na 126 hugawanyika kwa 9. 84 haigawanyiki, huacha baki ya 3. Kidato kimevunjika, nasi tunakijua kilichovunjika ni kipi. Na tukitaka kuuona msiba wenyewe, tuweke 2: kipeo cha 9 cha 2 ni 512, kutoa 2 ni 510, na 510 ikigawanywa kwa 9 huacha baki ya 6. Kwa nini 6? Kwa kuwa 510 ni jumla ya vizidishi vyote vinane vya katikati, na miongoni mwao 84 ilikuja mara mbili, kila mara na 3 yake. Sijui furaha nyingi za akili zinazopita hii, ya kuona kosa likija na hesabu yake iliyokamilika, mpaka senti ya mwisho.

Na sababu ya 84 kuasi iko wazi kwa anayeipekua. Namba hiyo hupatikana kwa kuzidisha 9, 8 na 7, kisha kugawanya kwa 3 mara 2 mara 1. Ile 3 ya chini huila sehemu moja ya 9, kwa kuwa 9 ni 3 mara 3, na ikishaliwa haiwi 9 tena. Namba tasa hailiwi hivyo. Ikiwa juu ni 5 au 7 au 641, na chini ni namba zilizo ndogo kuliko hiyo, hapana mchanganyiko wa hizo ndogo utakaoweza kuimega, na kwa hiyo hubaki nzima katika kila kizidishi cha katikati, na kuvuka hufanikiwa. Euler ndiye aliyeipanda ngazi hii mbele ya macho ya watu, katika burhani aliyoitoa kwa Akademia ya Sayansi ya St. Petersburg mwaka 1736, ikapigwa chapa mwaka 1741. Mkono ule ule uliovunja dai la kwanza la Fermat kwa 641 ndio uliolichongea vidato dai la pili. Na naona kwamba mtu asiyeweza kufanya moja hapasi kuaminiwa na la pili.

Historia ya ufundi wenyewe ni ndefu, nami nitaigusa tu. Francesco Maurolico wa Sicilia, katika kitabu kilichopigwa chapa mwaka 1575, alionyesha kwa kupokezana namba kwa namba ya kwamba jumla ya namba witiri kuanzia 1 huwa mraba daima. Blaise Pascal, katika risala aliyoiandika mwaka 1654 juu ya ile pembetatu ya namba, na iliyotoka mwaka 1665 naye amekwisha kufa, alitaja vidato viwili kwa uwazi ambao haujazidiwa: kwanza kwamba jambo ni kweli katika mstari wa mwanzo, pili kwamba likiwa kweli katika mstari wowote huwa kweli katika unaofuata. Na mwaka 1889 Giuseppe Peano aliiweka kanuni hii miongoni mwa nguzo za namba zenyewe, kana kwamba kusema "namba" na kusema "kile kinachofikiwa kwa vidato" ni neno moja.

Wapo mafundi wa siku hizi ambao hawapendi kupanda. Wao husema kwamba 4 ikigawanywa kwa 3 huacha 1, na 1 ikizidishwa kwa nafsi yake mara zozote hubaki 1, kwa hiyo 4ⁿ kutoa 1 haiachi kitu, na kazi imekwisha katika mstari mmoja. Na njia hiyo ya mabaki, aliyoipanga Carl Friedrich Gauss katika kitabu chake cha mwaka 1801, ni njia ya heshima ninayoitumia mwenyewe kila siku. Lakini nawaomba watazame neno lile la "mara zozote." Ni nani aliyewaambia kwamba 1 ikizidishwa kwa nafsi yake mara n hubaki 1? Mara ya kwanza ni 1. Na ikiwa ni 1 mara fulani, ni 1 na mara inayofuata. Ngazi imo ndani ya nyumba yao, imefunikwa kwa shuka.

Jioni moja, si zamani sana, mjukuu wangu aliye kidato cha tano aliniletea ibara 9ⁿ – 8n – 1 na kuniambia kwamba ametakiwa aonyeshe ya kuwa hugawanyika kwa 64. Tulikaa barazani, na daftari juu ya goti lake. Aliweka 1 akapata 9 kutoa 8 kutoa 1, yaani 0, akasita, akaniuliza kama 0 hukubaliwa. Nikamwambia kwamba 0 ni 64 mara 0, wala haiachi baki, na kwamba kidato cha kwanza hakidhuriki kwa kuwa kiko sawa na ardhi. Akaweka 2 akapata 64, akaweka 3 akapata 704, ambayo ni mara 11 ya 64, akaweka 4 akapata 6,528, ambayo ni mara 102. Alikuwa ameona. Sikumwambia neno la mwalimu wangu.

Kisha akaanza kuvuka. Aliandika 9ⁿ⁺¹ – 8n – 9, akakopa mara 9 ya ibara ya zamani, akahesabu deni: alikuwa ametoa 72n na 9, naye alistahili kutoa 8n na 9. Zile 9 mbili zikafutana. 72n kutoa 8n, akanong'ona, na kalamu ikasimama kitambo, kisha ikaandika 64n. Aliitazama kwa muda. Taa ilikuwa imeanza kuvuta wadudu, na mama yake alikuwa ameita mara mbili kwa chakula.

"Babu," akasema, "hii 64 ni 8 mara 8, na ile 8 ni 9 kutoa 1. Je, tukiiondoa 9 tukaweka 10?"

"Wewe waonaje, mjukuu wangu?"

Akafungua ukurasa mpya. Juu kabisa akaandika 10ⁿ – 9n – 1, na kando yake 81 na alama ya kuuliza. Kisha akashuka mstari mmoja, akaweka 1 mahali pa n, akaandika pole pole: 10 kutoa 9 kutoa 1, sifuri.